Kufuata nyayo za Roberto Longhi, Milan hadi Napoli

Jumatatu, Milan

Jumba la Brera hufungwa Jumatatu, kwa hiyo nimeanzia Ambrosiana, jumba jingine la picha, kwenye Kapu la Matunda la mchoraji Caravaggio. Ni picha ndogo. Kapu limewekwa ukingoni mwa ubao, kitako chake kimetokeza mbele kidogo, na mkono unakuwasha kulisogeza nyuma lisianguke. Tufaha lina tundu la mdudu. Majani ya mzabibu upande wa kulia yamekauka na kujikunja, mengine yana madoa ya ugonjwa. Nyuma hakuna ukuta wala dirisha, ni manjano iliyopauka tu. Kardinali Federico Borromeo ndiye aliyeimiliki mwaka 1607, wakati mchoraji mwenyewe yuko mafichoni kusini akikimbia kesi ya mauaji, na mwaka 1618 akaikabidhi Ambrosiana.

Lakini aliyenileta Italia si Caravaggio. Ni Roberto Longhi, mwanahistoria wa sanaa aliyezaliwa Alba, Piemonte, mwaka 1890 na kufariki Florence mwaka 1970. Wasomi wengi wa karne ya 19 walimwona Caravaggio mhuni aliyependa giza. Longhi alimchagua kuwa mada ya tasnifu yake Torino mwaka 1911, chini ya Pietro Toesca, na hakumwacha tena mpaka anaingia kaburini. Mwaka mmoja kabla ya tasnifu alikuwa amezitazama picha za Courbet kwenye Biennale, maonyesho ya sanaa ya Venice. Naona mantiki yake: kama Mfaransa huyu anasifiwa kwa kuchora watu kama walivyo, basi kuna mtu alifanya hivyo miaka 250 kabla yake na hakuna anayemtaja.

Mimi kazi yangu ni nyaraka. Nashinda na mafaili, madaftari ya hesabu, barua zilizoliwa na mchwa. Mtu akiniambia jambo la zamani, swali langu la kwanza ni karatasi iko wapi. Longhi alikuwa wa kambi ya pili. Kwake picha yenyewe ndiyo waraka wa kwanza, na asiyejua kuisoma hawezi kuokolewa na rundo la makaratasi. Nimebishana naye kichwani kwa miaka. Sasa nimekuja kuzitazama picha alizozitazama, nione wapi jicho lilitosha na wapi lilimwangusha.

Jioni nimepita Palazzo Reale, kando ya kanisa kuu. Hapa ndipo yalipofanyika maonyesho ya 1951, Longhi akiwa na miaka 60: Caravaggio na wafuasi wake, mamia ya maelfu ya watu wakipita ndani ya jumba lililokuwa bado na makovu ya mabomu ya 1943. Kabla ya hapo Caravaggio alikuwa wa maprofesa. Baada ya hapo akawa wa kila mtu, mpaka kwenye vikombe vya chai dukani.

Na hapa hapa Milan karatasi imempiga kila mtu chenga. Kwa muda mrefu vitabu vilisema Caravaggio alizaliwa 1573 katika mji wa Caravaggio, ndiyo maana ya jina. Mwaka 2007 likaibuka daftari la ubatizo la parokia ya Santo Stefano in Brolo, Milan: Michelangelo Merisi, 30 Septemba 1571. Siku iliyotangulia ni sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, kwa hiyo hata jina linajieleza. Hakuna jicho, hata liwe kali namna gani, linaloweza kukupa hilo kwa kutazama turubai. Nimelala nikiwa mbele kwa bao moja.

Jumanne, Brera, kisha Brescia

Brera asubuhi. Karamu ya Emau ya 1606, aliyoichora baada ya kumuua Ranuccio Tomassoni mwezi Mei mwaka huo na kutoroka Roma. National Gallery ya London wana Emau nyingine ya miaka mitano hivi kabla, yenye nguo za rangi kali, mikono iliyotandazwa na kapu la matunda ukingoni mwa meza. Hii ya Brera imepoa. Mikate, jagi, kipande cha nyama, na mama mzee aliyesimama nyuma akiwa na uso wa mtu asiyeambiwa kinachoendelea. Kristo ananyanyua mkono kidogo tu. Nimekaa kwenye benchi mpaka mlinzi akaanza kunitazama mimi badala ya picha.

Treni ya mchana kwenda Brescia, ambako mume wa dada yangu anafanya kazi kiwandani. Hajawahi kuingia makumbusho ya mji anaoishi. Nimemvuta hadi Pinacoteca Tosio Martinengo kabla hata ya kuweka begi chini.

Nilikuwa na sababu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Longhi alitoa hoja iliyobadili mambo. Watu walikuwa wakidhani Caravaggio aliokota kila kitu Venice au Roma. Longhi akasema hapana, tazameni Lombardia, tazameni Bergamo na Brescia: Foppa, Moretto, Savoldo, Lotto, Moroni. Hawa ni watu waliochora kitambaa kikaonekana kizito, uso wa fundi ukabaki uso wa fundi, na mwanga ukaingia ubavuni. Hana hati hata moja inayosema kijana Michelangelo alisimama mbele ya picha zao. Karatasi iliyopo inasema jambo jingine kabisa: Aprili 1584 aliwekwa kuwa mwanagenzi wa Simone Peterzano, Milan, kwa miaka minne, na Peterzano alijigamba kuwa mwanafunzi wa Titian, bingwa wa Venice.

Sasa simama mbele ya Savoldo hapa, Kuabudu kwa Wachungaji. Usiku, mwanga mdogo, wachungaji ambao ni wachungaji kweli, si wanamitindo waliovishwa kanzu. Nimetafuta pa kumpinga Longhi na sijapapata. Shemeji amesogea karibu, amekunja mikono.

"Shem, huyu si yule uliyesema tumemfuata?"

"Hapana, huyu amemtangulia. Yule alikuwa hajazaliwa."

"Basi kamwibia."

Longhi aliandika kurasa nyingi kuyasema hayo, kwa Kiitaliano kigumu kiasi kwamba Waitaliano wenyewe huishika kamusi. Shemeji ametumia maneno mawili.

Jumatano, Bergamo

Shemeji alikuwa na siku ya mapumziko, akasema atanisindikiza, mradi tule huko. Accademia Carrara iko chini ya kuta za mji wa juu. Hapa nimekuja kwa babu wa wanaotegemea jicho, Giovanni Morelli, aliyeaga dunia 1891 na kuachia jumba hili mkusanyo wake.

Morelli alisomea udaktari Ujerumani na hakuwahi kuishi kwa kazi hiyo. Akawa mwanasiasa, seneta, na mtu wa picha. Aliandika kwa jina la bandia la Kirusi, Ivan Lermolieff, na hoja yake ilikuwa kwamba ukitaka kujua nani kachora, usitazame uso wala tabasamu, maana hapo ndipo kila mwigaji anapoweka nguvu. Tazama masikio. Tazama kucha, na umbo la kidole gumba. Mchoraji akifika kwenye sikio akili yake imeshapumzika, mkono unaandika saini bila yeye kujua. Kwa njia hiyo alihamisha majina ya picha nyingi kwenye majumba ya Ujerumani na kuwaudhi wakurugenzi wao. Sigmund Freud, daktari wa nafsi, alimsoma, na alimtaja kwenye maandishi yake ya 1914 kuhusu Musa, sanamu ya yule Michelangelo mchongaji.

"Shemeji, wewe umepanda ndege usiku kucha kuja kutazama masikio?"

Nikamwonyesha Giuliano de' Medici wa Botticelli, mojawapo ya picha alizoziacha Morelli, nikamwambia atazame vizuri. Akatazama. Kisha akaenda peke yake kwenye vyumba vingine na kurudi baada ya muda kuniarifu kwamba kuna mchoraji huku ambaye hajui kuchora mikono. Nadhani Morelli angempa kazi.

Kilichomshika zaidi ni Moroni, hasa yule binti mdogo wa ukoo wa Redetti, amesimama wima na gauni la watu wazima, shingoni vito, macho yamechoka kusubiri. "Huyu mtoto aliambiwa atulie," akasema, "na alitulia." Moroni alifariki miaka ya mwisho ya 1570, Caravaggio akiwa bado mtoto.

Chakula cha mchana kilikuwa polenta, ambayo ni ugali wa njano tu, ila huku wanauweka jibini na kukutoza bei ya nyama.

Alhamisi, Bologna

Longhi alipata uprofesa hapa mwaka 1934. Hotuba yake ya kufungua mhula ilipitia karne kadhaa za uchoraji wa Bologna na kuishia kwa mtu aliyekuwa hai na akiishi mitaa michache tu kutoka chuoni, Giorgio Morandi, mchoraji wa chupa na vikopo. Kuna ujasiri hapo. Profesa mgeni anakuja, anawaambia wenyeji kwamba mrithi wa wakubwa wao ni yule bwana mkimya wanayempita barabarani.

Miongoni mwa waliokaa darasani mwake ni Giorgio Bassani, mwandishi wa riwaya, na Pier Paolo Pasolini, mshairi na mwongozaji wa filamu. Pasolini alihudhuria mafunzo ya 1941-42 kuhusu Masolino na Masaccio, wachoraji wawili waliofanya kazi ukuta mmoja Florence, na swali ni nani kachora kipi. Longhi alirusha slaidi za vipande ukutani, kimoja baada ya kingine, mpaka tofauti ikajisemea. Mwaka 1962 Pasolini alimtabarukia filamu yake ya Mamma Roma, akisema deni la namna anavyoona ni la Longhi. Sijui mwalimu angetaka malipo gani zaidi.

Mchana nimekuwa kwenye monasteri ya zamani ya Santa Cristina, ambako chuo kikuu kinatunza picha za kamera alizoziacha Federico Zeri, aliyefariki 1998. Zeri naye alikuwa mwanafunzi wa Toesca, na alikuwa na jicho lililoogopwa minadani. Aliacha picha takriban 290,000. Anwani ni kiwanja cha Giorgio Morandi, kwa bahati tu.

Hapa nimejisikia nyumbani, maana ni hifadhi ya nyaraka kama ninazozijua: maboksi, namba, vumbi lililodhibitiwa. Kitu cha kutazama ni mgongo wa picha. Mbele kuna Madonna fulani kwa rangi nyeusi na nyeupe. Nyuma kuna jina la mchoraji kwa penseli, limekatwa, jingine limeandikwa, hilo nalo limewekewa alama ya kuuliza, kisha jina la mnada na mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Watu hudhani mwenye jicho huitazama picha, anafumba macho kidogo, analitaja jina. Kumbe ni kazi ya ukarani. Alichokuwa nacho Longhi, Zeri na wenzao ni kumbukumbu ya vitu vingi mno, na kwa kuwa hakuna kichwa kinachobeba vyote, wakajaza makabati.

Kuna upande usiopendeza, na sitauruka. Nyuma ya picha hizo hizo wataalamu waliandika maoni kwa ajili ya wauzaji, na neno moja lilikuwa na thamani ya nyumba. Longhi aliandika vyeti vingi vya namna hiyo, vingine vimekataliwa na waliomfuata. Mtu anayelipwa kwa kutaja jina kubwa, hata akiwa mwaminifu, macho yake yana mgeni ndani.

Ijumaa, Florence

Jumba la picha la Uffizi, foleni, jua. Baada ya picha za mwanzo nimekwenda moja kwa moja kwa Bakusi wa Caravaggio, kijana mnene wa mashavu anayekupa glasi ya mvinyo kwa mkono wa kushoto. Kucha zake ni chafu. Ndani ya glasi kuna viduara vidogo, mvinyo unatikisika, mkono umechoka. Turubai hii ilikuwa stoo ya Uffizi, haina jina la maana, mpaka miaka ya 1910 ilipotolewa na kutambuliwa. Longhi kijana alikuwa mmoja wa waliosema ni ya nani. Picha ilikuwa ndani ya jumba hili hili kwa karne kadhaa, na orodha za mali zilikuwepo. Karatasi haikusema kitu. Nimeandika hilo kwenye daftari langu bila furaha.

Chumba kingine, Artemisia Gentileschi, mchoraji wa kike. Yuditi anamchinja Holoferne. Kinachonitisha si damu, ni ufanisi. Wanawake wawili wamepanda kitandani, mmoja anamkandamiza, mwingine ameshika nywele kwa mkono wa kushoto na upanga kwa kulia, akijivuta nyuma kidogo asichafuke gauni. Mwaka 1916 Longhi alichapisha makala kuhusu Artemisia na baba yake Orazio, wakati ambapo karibu hakuna aliyeshughulika nao. Alimsifu kwa kusema ndiye mwanamke pekee Italia aliyewahi kujua uchoraji ni nini. Sifa yenye dharau ndani yake, ya kumtoa mmoja ili kuwazika wengine wote.

Mke wa Longhi alijibu kwa njia yake. Lucia Lopresti alikuwa mwanafunzi wa Longhi sekondari huko Roma, naye alianza kama mwanahistoria wa sanaa, akaandika makala nzuri, wakaoana 1924. Baadaye akaacha uwanja huo na kuwa mwandishi wa hadithi kwa jina la Anna Banti. Inasemwa hakutaka kuwa nambari mbili nyumbani kwake. Alikuwa na mswada wa riwaya juu ya Artemisia. Agosti 1944 Wajerumani wakaondoka Florence wakilipua madaraja yote isipokuwa Ponte Vecchio, na nyumba za pande zote mbili zikaanguka. Mswada ukapotea kwenye vifusi. Akaanza upya, na kitabu kilichotoka 1947 kina mwandishi anayezungumza na Artemisia katikati ya magofu, wakigombana na kufarijiana. Ukinilazimisha kuchagua, kurasa hizo zimefanya mengi zaidi kumrudisha Artemisia duniani kuliko makala ya 1916. Ila bila makala, pengine Lucia asingekutana naye.

Jumamosi, bado Florence

Nimevuka Arno na kupanda vilima vya kusini hadi Via Benedetto Fortini, mbele ya Il Tasso, nyumba ya Longhi na Banti, ambayo sasa ni taasisi inayopokea vijana watafiti. Maktaba yake iko humo, makumi ya maelfu ya picha za kamera, na mkusanyo wa michoro aliyoinunua, akiwemo Mvulana Aliyeng'atwa na Mjusi wa Caravaggio. Mjusi mwenzake yuko London, na mabishano ya nani wa kwanza hayajaisha. Nimetazama miti, nikashuka.

Upande wa pili wa mji, Settignano, ndiko alikoishi Bernard Berenson, mzaliwa wa Lithuania, msomi wa Harvard, mtaalamu aliyekuwa na mkataba wa siri na mfanyabiashara Joseph Duveen. Longhi akiwa kijana alitaka kumtafsiria kazi zake kwa Kiitaliano, mpango ukavunjika, na kinyongo kikadumu miongo. Wakati wa maonyesho ya 1951 Berenson alitoa kitabu cha kumpunguza Caravaggio. Walipatana 1956, mzee akiwa ameshavuka miaka 90. Wazee wawili, vilima viwili, mji mmoja. Treni ya jioni, Roma.

Jumapili, Roma

Misa asubuhi kila kanisa, na watalii tunasubiri nje kama inavyostahili. Mchana Sant'Agostino: Mama wa Mahujaji, na wale wazee wawili waliopiga magoti na nyayo zilizojaa vumbi usoni pako. Bure, hakuna tiketi. Kisha nimelala.

Jumatatu, Roma

Makumbusho makubwa yamefungwa, makanisa yako wazi. San Luigi dei Francesi, kikanisa cha Contarelli. Mtu ametia sarafu, taa ikawaka, sote tukasogea mbele. Kushoto, Wito wa Mathayo: wanaume wamezunguka meza ya pesa, mwanga unaingia kwa mshazari juu ya mkono wa Kristo, dirisha la juu lenyewe halitoi kitu. Kulia, mauaji yake. Taa ikazima. Tukatazamana nani ana sarafu.

Hapa Longhi aliteleza, na ndipo moyo wangu wa karani ulipopata chakula. Kwa jicho lake aliziweka picha hizi mapema mno katika maisha ya Caravaggio, miaka kadhaa kabla ya 1599. Mwingereza Denis Mahon akapinga baada ya maonyesho ya 1951, na nyaraka zikaja kumaliza kesi: mkataba wa picha za pembeni ni wa Julai 1599, malipo yanafuata. Na si karatasi tu. Eksirei za miaka hiyo zilionyesha chini ya Mauaji kuna picha nyingine, watu wadogo, mpangilio tofauti, ameufuta na kuanza upya. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya hadhara, turubai kubwa kuliko alizozoea, na alihangaika. Ukijua hivyo unamwona mle ndani mtu anayejifunza ukubwa. Jicho la Longhi liliona ugeni huo, likadhani ni ujana.

Picha ya kwanza aliyoipeleka kwa ajili ya altare, Mathayo mwenye miguu mitupu akiongozwa mkono na malaika, ilikataliwa, ikanunuliwa na Vincenzo Giustiniani, ikafika Berlin na kuangamia 1945. Imebaki kwenye picha za kamera zisizo na rangi. Bila makabati kama yale ya Bologna tusingekuwa nayo kabisa.

Kutoka hapo ni matembezi mafupi hadi Palazzo Mattei di Giove. Uani sanamu za kale zimebandikwa kuta nzima. Ciriaco Mattei alilipa skudi 125 Januari 1603 kwa Caravaggio, kwa Kukamatwa kwa Kristo. Baadaye picha ikapotea. Vizazi vikapita, jina likachanganywa, na mwaka 1802 familia ikamuuzia Mskoti William Hamilton Nisbet picha ya mada hiyo kama kazi ya Mholanzi Honthorst. Longhi alishadokeza, kuelekea mwisho wa maisha yake, kwamba chini ya jina la Honthorst huenda amejificha Caravaggio. Hakuwa na hati.

Hati zikapatikana mwishoni mwa miaka ya 1980, na wasichana wawili waliokuwa bado wanafunzi, Francesca Cappelletti na Laura Testa. Waliomba kuingia kwenye nyumba ya ukoo huko Recanati, mkoa wa Marche, ambako makaratasi ya Mattei yaliwekwa ghorofa ya chini, wakapekua madaftari mpaka wakakuta malipo na mlolongo wa orodha za mali. Muda mfupi baadaye picha yenyewe ikatambuliwa Dublin, 1990, ukutani mwa chumba cha chakula cha mapadre Wajesuiti. Nafahamu sebule za namna hiyo za nyaraka: baridi, taa moja, mwenye nyumba anakuulizia utamaliza saa ngapi. Cappelletti aliteuliwa mkurugenzi wa Galleria Borghese mwaka 2020.

Jumanne, Roma

Borghese asubuhi, kwa zamu ya saa mbili ulizonunua, halafu unatolewa. Daudi ameshika kichwa cha Goliathi, na kichwa hicho ni uso wa Caravaggio. Daudi hashangilii. Nimeacha sanamu zote za Bernini nyuma kwa sababu hiyo, na sijutii sana.

Mchana Palazzo Barberini. Yuditi wa Caravaggio, na yeye anasitasita, paji limekunjamana, mikono imenyooshwa kama mtu asiyetaka kugusa. Artemisia alikuwa na jambo la kumjibu. Picha hii haikuwamo kwenye orodha ya kwanza ya maonyesho ya Milan. Mrekebisha picha Pico Cellini aliikumbuka kwenye nyumba ya familia moja Roma, akampasha habari Longhi 1951, ikawahishwa Milan maonyesho yakiwa yanaendelea. Serikali iliinunua miaka 20 baadaye.

Jumatano, Napoli

Pio Monte della Misericordia bado ni taasisi ya hisani, na Matendo Saba ya Huruma yapo pale pale yalipopangiwa tangu 1607. Walimlipa dukati 400. Mwaka 1613 wakaamua isiuzwe kamwe kwa bei yoyote, na azimio limeshika. Ndani ya fremu kuna kichochoro cha Napoli usiku: binti anamnyonyesha baba yake aliyefungwa kupitia nondo, tone la maziwa kwenye ndevu za mzee, nyuma nyayo za maiti anayetolewa kuzikwa. Altare ya pembeni ina kazi ya Battistello Caracciolo, ambaye Longhi alimwandikia makala mwaka 1915, akiwa na miaka 24. Hata hapa alishafika.

Kisha Via Toledo, Gallerie d'Italia, Mauaji ya Mtakatifu Ursula. Mfalme wa Wahunni, lile kabila la Attila, ameachia mshale akiwa karibu kiasi cha kunusa nywele zake. Ursula anautazama mshale kifuani mwake kwa udadisi. Nyuma yake mtu amenyoosha shingo, mdomo wazi, naye ni mchoraji. Katikati kuna mkono uliochomoza kuzuia, ulioonekana tena baada ya matengenezo ya 2003-04.

Benki moja ya Italia iliinunua miaka ya 1970 ikidhaniwa ya mchoraji mwingine, Mattia Preti. Mina Gregori, mwanafunzi wa Longhi, alikuwa miongoni mwa waliosema ni Caravaggio, kwa jicho tupu. Mwaka 1980 Vincenzo Pacelli akachapisha barua aliyoikuta kwenye nyaraka za ukoo wa Doria d'Angri, ya 11 Mei 1610, kutoka kwa Lanfranco Massa wa Napoli kwenda kwa bwana wake Marcantonio Doria wa Genova. Massa anaeleza kwamba alitaka kuituma Ursula wiki hiyo, akaianika juani ikauke vizuri, vanishi ikalainika badala ya kukauka, maana Caravaggio huipaka nene. Anakusudia kwenda kwake kumwuliza afanyeje isije ikaharibika. Miezi miwili baadaye Caravaggio alikuwa amekufa.

Nimerudi mbele ya turubai nikiwa na barua hiyo kichwani, nikatafuta jua la Massa. Uso wa picha umechakaa, weusi umemeza vitu vingi, na siwezi kusema kipi ni miaka 400 na kipi ni mchana mmoja wa Mei. Gregori hakuihitaji barua ili kuona. Mimi nisingeona bila barua.

Hifadhi ya Nyaraka ya Serikali ya Napoli iko kwenye monasteri ya zamani ya Santi Severino e Sossio, mwendo wa miguu kutoka hapa. Nimeshatuma ombi la kusoma masanduku ya Doria d'Angri. Kesho wanafungua asubuhi, na treni yangu ni ya jioni.